Panya, nzige na dagaa: Ajira iliyojificha kwa vijana wa Ufipa waliosoma biolojia

MZAZI wa Ufipa anapouza mahindi ili kumsomesha mtoto aliyefaulu biolojia, mara nyingi ana majibu mawili tu kichwani: mtoto awe daktari au awe mwalimu. Nafasi ya udaktari ikikosekana, na ualimu nao ukiwa na foleni ndefu ya wanaosubiri kuajiriwa, familia huanza kunong'ona kuwa magunia yamekwenda bure.

Lipo jibu la tatu ambalo halizungumzwi sana Sumbawanga, Nkasi wala Kalambo. Ni taaluma ya ikolojia, yaani elimu ya namna viumbe wanavyoishi wao kwa wao na mazingira yao, pamoja na ndugu yake wa karibu, biolojia ya mageuko, inayochunguza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Kwa majina hayo taaluma hizi zinaonekana kuwa mambo ya vitabuni na ya wageni wenye darubini. Ukweli ni kwamba maswali yake yapo shambani, ghalani, ziwani na mlimani katika mkoa huu huu wa Rukwa.

Swali la mkulima na mfanyabiashara mdogo ni moja: je, inalipa? Jibu fupi ni kwamba inamlipa anayeingia akiijua njia, na inamuumiza anayeingia kwa kubahatisha. Ndiyo maana inafaa kuitazama kama mkulima anavyotazama zao jipya: soko lake liko wapi, gharama zake ni zipi na hatari zake ni zipi.

Panya na magunia ya mahindi

Rukwa, Mbeya, Iringa na Ruvuma ni mikoa ambayo kwa miongo mingi imehesabiwa kuwa ghala la mahindi la taifa. Lakini kabla gunia halijafika sokoni, kuna mdai anayechukua chake bila kuuliza. Panya shamba hufukua mbegu siku chache baada ya kupandwa, na mkulima hulazimika kurudia kupanda wakati mvua imekwishasonga mbele. Makadirio ya wataalamu yanaiweka hasara ya mahindi itokanayo na panya nchini kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka. Kwa mkulima ambaye angevuna magunia 60, hayo ni magunia matatu hadi tisa.

Walioshughulikia tatizo hilo kwa undani ni wanaikolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kina kituo cha utafiti wa panya waharibifu ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji. Watafiti waliwanasa panya wakiwa hai, wakawawekea alama, wakawaachia na kuwanasa tena mwezi baada ya mwezi. Kazi hiyo iliwaonyesha kuwa mvua zikiwa nyingi mwishoni mwa mwaka, panya huanza kuzaa mapema kuliko kawaida, na mwaka unaofuata idadi yao hulipuka. Jike mmoja huweza kuzaa zaidi ya watoto 10 kwa mzao mmoja. Mwaka 1996 matokeo yao yalichapishwa kama njia ya kutabiri milipuko ya panya kwa kutazama mvua.

Faida yake kwa mkulima iko wazi. Anayejua mapema kuwa mwaka ujao ni wa panya anaweza kufyeka vichaka vya pembezoni, kutega kwa pamoja na majirani zake na kutumia sumu kwa wakati unaofaa, badala ya kusubiri mbegu ziliwe ndipo akimbilie dukani. SUA iliteuliwa baadaye kuwa na kituo cha umahiri cha Afrika kuhusu udhibiti wa panya, chini ya mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, na kituo hicho kimesomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali. Kwa maneno mengine, kuna watu wanaosoma shahada za juu, wengine kwa ufadhili, kwa sababu ya panya.

Viwavijeshi na somo la mageuko

Mwaka 2017 wakulima wa Rukwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kukutana na viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Nondo wake anaweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja, na jike hutaga mayai yapatayo 1,500 katika uhai wake. Wakulima wengi walinyunyizia dawa ile ile mara nyingi, na baadaye wakalalamika kuwa dawa imechakachuliwa.

Dawa bandia zipo, lakini si sababu pekee. Hapo ndipo biolojia ya mageuko inapoingia shambani. Katika maelfu ya viwavi, wachache huzaliwa na uwezo wa kuhimili sumu fulani. Dawa inapowaua wenzao, hao wachache ndio wanaobaki kuzaliana. Mkulima akirudia dawa ya aina hiyo hiyo, kila kizazi kinakuwa na viwavi sugu wengi zaidi. Katika kisiwa cha Puerto Rico, viwavi hao hao walipata usugu hata dhidi ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yawaue, jambo lililobainika mwaka 2006.

Kutokana na elimu hiyo hutoka ushauri ambao maofisa ugani huutoa kwa maneno mepesi: badilisha kundi la kiuatilifu na si jina la chupa tu, kagua shamba mapema, na usiwaue wadudu marafiki. Kila nchi inahitaji wataalamu wa kupima usugu huo. Tanzania kazi hiyo iko chini ya taasisi kama Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), ambayo kituo chake cha Uyole, Mbeya, ndicho kinachotegemewa zaidi na nyanda hizi.

Ghalani nako kuna historia kama hiyo. Dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati. Watafiti walimfuata huko kwao, wakamtafuta adui yake wa asili, mdudu mdogo anayemla, na kumwachia katika nchi kadhaa za Afrika kuanzia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Mahali pengine alisaidia, pengine mkulima alibaki akitegemea dawa ya unga na sasa mifuko isiyopitisha hewa. Hivyo ndivyo taaluma hii ilivyo: hujaribu, hupima na kusema ukweli hata usipopendeza.

Bonde la Rukwa na nzige wekundu

Wazee wa Ufipa wamesimuliwa habari za nzige waliofunika jua. Mlipuko mkubwa wa nzige wekundu ulioanza mwaka 1930 ulidumu hadi mwaka 1944 na kuenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Uchunguzi ulionyesha kuwa nzige hao hawatokei kila mahali. Wana maeneo machache wanakozaliana na kujikusanya, na bonde la Ziwa Rukwa ni mojawapo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu yenye makao yake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo inafanywa na shirika la nchi za kanda, Tanzania ikiwamo, lenye makao yake Ndola, Zambia. Shirika hilo hushughulika pia na viwavijeshi na kwelea kwelea.

Mwaka 2009 makundi ya nzige yalipoongezeka, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliunga mkono operesheni katika mbuga za Iku-Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la mto Malagarasi. Ndege zilinyunyizia takriban hekta 10,000 kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu anayeua nzige na jamii yake, bila kuwadhuru ndege, samaki wala binadamu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa dawa ya aina hiyo kutumika kwa kiwango kikubwa dhidi ya nzige. Nyuma ya ndege hizo kulikuwa na miaka mingi ya watafiti waliochambua kuvu, nyasi, mvua na tabia za mdudu mmoja. Mkulima wa Ilemba au Muze aliyevuna mpunga wake mwaka huo hakuwahi kuwaona.

Ziwa Tanganyika na mlima Mbizi

Kwa mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Kasanga, Kirando au Kipili, ikolojia ilijitokeza waziwazi mwaka 2024, Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa wengi ilikuwa miezi mitatu ya njaa ya mfukoni. Lakini swali la kwa nini samaki wanapungua limekuwa mikononi mwa watafiti kwa muda mrefu. Mwaka 2003 kundi la wanasayansi lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kadiri maji ya juu yanavyopata joto na upepo kupungua, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Walikadiria kuwa chakula cha msingi cha ziwa kilipungua kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo uvuvi uliopita kiasi si maelezo pekee.

Ziwa hilo pia ni moja ya maabara kubwa za mageuko duniani. Lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sato, karibu zote hazipatikani popote pengine. Wafuga samaki wa mapambo Ulaya na Marekani huwaita baadhi yao kwa majina ya vijiji vya Rukwa, kama Kasanga na Kipili, kwa kuwa samaki wa mwamba mmoja anaweza kuwa na rangi tofauti na jamaa yake wa kilomita chache tu kutoka hapo. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali hupata shahada za uzamivu kwa samaki hao. Watoto wa wavuvi wanaowajua kwa majina ya nyumbani ni wachache mno miongoni mwao.

Juu ya uwanda, msitu wa Mbizi karibu na mji wa Sumbawanga hulinda vijito vinavyoshuka mjini na bondeni. Humo wanaishi mbega wekundu waliobaki kama kisiwani, wakizungukwa na nyasi na mashamba. Watafiti Tim Davenport, Noah Mpunga na Sophy Machaga walichapisha sensa ya mbega hao wa Ufipa mwaka 2007. Timu hiyo hiyo ya nyanda za juu kusini ndiyo iliyohusika na habari ya kipunji, nyani mdogo wa mlima Rungwe aliyetambulishwa kwa ulimwengu mwaka 2005 baada ya watafiti kufuatilia simulizi za wawindaji wa huko. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa anastahili jenasi yake mwenyewe. Wanyakyusa walikuwa na jina lake kabla sayansi haijampa la Kilatini.

Hata kilimo cha Wafipa chenyewe ni somo. Matuta ya duara ya intumba, ambamo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze kabla ya kupanda, ni njia ya kurudisha rutuba iliyowavutia watafiti tangu enzi za ukoloni. Bibi anayejua ni nyasi ipi huoza haraka na ni zao gani litangulie kwenye tuta jipya ana elimu ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuipima na kuiandika.

Njia ya masomo

Safari huanzia kidato cha tano. Michepuo inayofungua mlango ni ile yenye biolojia na kemia, kama PCB na CBG, na hisabati isidharauliwe. Ikolojia ya leo ni takwimu na kompyuta kwa kiasi kile kile ilivyo buti na daftari.

Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya zuolojia, botania na uhifadhi wa wanyamapori. SUA ina usimamizi wa wanyamapori, misitu, kilimo na mazingira, na kwa watu wa Rukwa kuna nafuu ya kuwa na kampasi yake ya Mizengo Pinda katika mkoa jirani wa Katavi. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, hutoa mafunzo kuanzia ngazi za chini hadi shahada.

Uzamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mbali na Dar es Salaam na SUA, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, inafundisha wanafunzi wa shahada za juu na ina masomo ya bioanuwai na usimamizi wa ikolojia. Kwa kawaida vyuo huhitaji GPA isiyopungua 2.7 katika shahada ya kwanza.

Hapo kuna mtego ambao wanafunzi wengi huugundua wakiwa wamechelewa. GPA ya 2.7 inamwingiza mtu darasani, lakini haimwingizi kazini chuoni. Kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi chuo kikuu huhitaji GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi huhitaji 4.0 katika uzamili. Kijana anayeota kufundisha chuo kikuu anapaswa kuijua namba hiyo tangu mwaka wa kwanza, siyo siku ya mahafali.

Kwa asiyefika chuo kikuu, milango haijafungwa. Pasiansi jijini Mwanza hufundisha askari na wahifadhi wa wanyamapori. Olmotonyi ya Arusha ni ya misitu. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Kigoma, kwenye ziwa lile lile. Stashahada ya uvuvi au nyuki huweza kumpatia kijana kazi, au biashara yake mwenyewe, kabla mwenzake wa shahada hajamaliza kuandika barua za maombi.

Nani analipa

Gharama ya shahada za juu haiishii kwenye ada. Kuna chakula, malazi, vifaa, bima na gharama za utafiti uwandani, ambazo mara nyingi ndizo zinazokwamisha. Mikopo ya Serikali kwa sehemu kubwa huelekezwa ngazi za chini ya uzamili, kwa hiyo mwanafunzi wa shahada za juu hutafuta ufadhili kwingine.

Njia ya kwanza ni kujiunga na mradi wa mwalimu. Profesa aliyepata fedha za utafiti wa panya, nyuki au hewa ukaa huhitaji wanafunzi wa kuifanya kazi, na fedha hizo hulipia ada na uwandani. Nafasi hizi hazitangazwi sana. Humfikia mwanafunzi aliyejulikana kwa bidii, aliyejitolea maabara na aliyeandika tasnifu ya shahada ya kwanza kwa uangalifu.

Njia ya pili ni mifuko ya ufadhili. Ipo ya jumla kama DAAD ya Ujerumani, ambayo pia hulipia masomo ndani ya Afrika, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Ipo ya fani yenyewe: mfuko wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa miradi ya uhifadhi, Chama cha Ikolojia cha Uingereza kina ruzuku maalumu kwa wanaikolojia walioko Afrika, na Chama cha Biolojia ya Kitropiki huendesha kozi fupi za uwandani zinazotenga nafasi kwa Waafrika.

Njia ya tatu ni kwenda nje. Utaratibu hutofautiana kwa nchi. Marekani mwanafunzi mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja, na idara nyingi za ikolojia na mageuko humlipia ada na posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Jambo la muhimu ni kumwandikia kwanza profesa ambaye kazi yake inafanana na unachotaka. Hata hivyo, mwaka 2025 fedha za utafiti za nchi hiyo zilipunguzwa, na masharti ya viza yamekuwa yakibadilika, hivyo ni lazima kuuliza kabla ya kutumia hata shilingi. Ujerumani vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ingawa mwombaji lazima aonyeshe ana fedha za kujikimu. Norway ilianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2023. Katika nchi kama Norway na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamivu ni ajira yenye mshahara, na hutangazwa kama kazi nyingine yoyote.

Tahadhari moja ihifadhiwe na kila mzazi. Vyuo vingi vya nje hutoza ada ndogo ya maombi, inayolipwa chuoni kwenyewe, na baadhi huisamehe kwa anayeomba. Lakini hakuna mfuko wa kweli unaomtaka mwombaji amtumie wakala fedha kwa simu ili "nafasi isipotee". Anayedai hivyo anauza hewa.

Kazi ziko wapi

Mwajiri mkubwa ni Serikali na taasisi zake: TANAPA, TAWA, TFS, taasisi za utafiti za wanyamapori (TAWIRI), uvuvi (TAFIRI) na misitu (TAFORI), pamoja na TARI, TPHPA, NEMC na halmashauri zinazohitaji maofisa maliasili, uvuvi, nyuki na mazingira. Nafasi nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira na ushindani ni mkali. Anayelenga TANAPA, TAWA au TFS ajue pia kuwa vyombo hivyo viko katika mfumo wa Jeshi la Uhifadhi, wenye mafunzo ya kijeshi.

Kundi la pili ni tathmini ya athari kwa mazingira. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa ya barabara, migodi na viwanda haianzi bila tathmini hiyo, na lazima ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Bonde la Rukwa, ambako tangu mwaka 2016 kumekuwa na pilikapilika za kutafuta gesi ya heliamu, ni mfano wa eneo litakaloendelea kuhitaji watu wa kuhesabu mimea, wanyama na vyanzo vya maji.

La tatu ni biashara ya hewa ukaa, iliyowekewa kanuni nchini mwaka 2022. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, katika milima ya Ntakata, vimeonyesha kuwa msitu uliosimama unaweza kujenga zahanati na madarasa. Fedha hizo hazilipwi kwa kuangalia miti kwa macho. Kuna wanaopima vipimo, kuchora ramani na kuhakiki, na SUA ndiyo mwenyeji wa kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni.

Mashirika ya uhifadhi ni kundi la nne, na hapa ukweli usemwe. Kazi ya mradi huishi kadiri mradi unavyoishi. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa mwaka 2025, miradi ya mazingira katika nchi nyingi ilisimama na watu wakarudi nyumbani. Anayeajiriwa na mradi ajiwekee akiba kama mkulima anavyotenga mbegu.

Kwa wafanyabiashara wadogo kuna upande mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti wa kigeni hawezi kufanya kazi nchini bila kibali cha COSTECH na mshirika wa ndani. Akifika Kasanga au Mbizi anahitaji boti, chakula, malazi, pikipiki na wasaidizi wanaojua njia. Kijana wa kidato cha nne anayemtambua mbega kwa sauti, anayeandika vipimo bila kughushi na kutunza simu ya kupimia majira, ni msaidizi anayeitwa tena msimu unaofuata.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuuza mahindi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya gunia kupakiwa, mzazi na mwanafunzi wakae chini na maswali haya. Kozi inaitwaje, na waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Mwalimu wa kusimamia utafiti ni nani, na ana mradi wenye fedha? Ni stadi gani ya kuuzika itapatikana: takwimu, ramani za kompyuta, utambuzi wa wadudu au upimaji wa miti? GPA iko wapi, na inafungua mlango upi? Ufadhili ukikwama katikati, ni nani atamalizia?

Mwanafunzi wa Ufipa ana mtaji ambao mwenzake wa mjini hana. Akichagua kuchunguza panya wa mashamba ya Laela, viwavi wa Mpui, nyuki wanaochavusha alizeti ya Matai au dagaa wa Kirando, analala nyumbani, anakula chakula cha nyumbani na kuuliza maswali kwa Kifipa bila mkalimani. Gharama za uwandani hupungua sana, na mfuko wa ufadhili unapoona bajeti ndogo yenye swali zito, hauna sababu ya kuikataa haraka.

Shule za sekondari za mkoa zinaweza kuanza bila fedha nyingi. Kipimo cha mvua, mitego michache ya panya, daftari la shamba la shule na ziara moja ya Mbizi kwa mwaka vinatosha kumwonyesha mwanafunzi kuwa biolojia haiishii hospitalini. Halmashauri nazo zinaweza kumwomba kila mtafiti anayepita aache nakala ya ripoti yake na afundishe kipindi kimoja darasani.

Panya, viwavi na nzige watarudi, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yao. Siku watakaporudi, mkoa utahitaji mtu wa kuwahesabu, kuwaelewa na kumwambia mkulima la kufanya kabla mbegu haijaliwa. Mtu huyo anaweza kutoka Antwerp, Morogoro au Namanyere. Akitoka Namanyere, atakuwa pia anajua bei ya gunia.